Daftari la Baba Ndani ya Seva

Jumanne, 1 Novemba 2022
Gonja, zahanatini. Wagonjwa wachache leo, nikafungua simu nisome kidogo. Vitabu vyangu vyote viko Same, kwenye kompyuta ndogo juu ya kabati la sebuleni. Seva yangu, nimeiunda mwenyewe. Nyumba alibaki nayo Sebastiani tulipoachana. Seva nikaiacha hukohuko, maana intaneti ya huku ni ya kubahatisha. Umeme wa Same ukiwapo, nasoma popote nilipo.

Kumbe sisomi peke yangu! Seva huandika kila anayeingia. Akaunti ya Sebastiani, niliyomfungulia enzi za mapenzi — mara kumi na tisa mwezi uliopita. Kitabu kimoja tu. Daftari la baba.

Alhamisi, 3 Novemba
Sasa najua. Ziada wa maabara kaja na kadi ya mwaliko kutoka Same. Sebastiani atawasomea wazee methali za Kipare "alizokusanya kwa miaka mingi", kisha zichapwe kitabu.

Alizokusanya! Yeye ambaye Chasu chake, Kipare chenyewe, kinaishia kwenye salamu! Baba, Mwalimu Aminieli, alizifuata kwa miguu miaka thelathini, Mamba yote, Gonja yote. Karatasi zililiwa na mchwa. Imebaki nakala niliyoichapa mimi.

Ziada anasema nimpigie, nimtukane. La. Matusi atayasahau.

Ijumaa, 4 Novemba
Nimemfungia akaunti. Saa nane akapiga.

"Mama Eva, maktaba imegoma." Sauti ya asali.

Pole, nikamwambia, labda umeme.

"Nisaidie basi, nina shughuli wiki ijayo."

Nisaidie! Miaka miwili sijalisikia neno hilo kwake. Nimekunywa chai bila sukari na bado ilikuwa tamu.

Jumatatu, 7 Novemba
Nakala safi nimeishusha kwenye simu kwanza. Kisha nikaingia kwenye daftari, nikapachika methali tatu za kutunga. Moja inasema: aibaye mundu wa mkwewe huvuna vidole vyake. Chasu safi kabisa, ila hakuna Mpare aliyewahi kuisema. Wazee watamcheka mpaka ashuke jukwaani!

Nikamfungulia akaunti. Dakika kumi hazijapita, yumo ndani. Soma, Sebastiani. Soma vizuri.

Baba angenichapa. Najua.

Jumamosi, 12 Novemba
Same, ukumbini, safu ya nyuma.

Ameisoma ile ya mundu. Nikasubiri kicheko. Hakikuja. Halafu Mzee Tumainieli, aliyefundisha na baba shule moja, akainuka na fimbo yake.

"Hiyo bibi yangu alikuwa akiisema! Sijaisikia tangu utotoni!" Machozi yanamlenga.

Makofi. Makofi! Watu wanainakili!

Nakala safi ninayo hapa, jina la baba juu yake, tarehe ya 2017. Nikiionyesha, wataona daftari ni la nani. Wataona pia kwamba ya mundu haimo. Na mzee wa watu, mbele ya wajukuu zake...

Mshereheshaji anauliza nani ana neno. Nimenyoosha mkono. Sebastiani ameniona, anatabasamu — anadhani nimekuja kumpongeza!

"Yule mama pale nyuma, apewe kipaza sauti."

Kinakuja. Mzee Tumainieli amegeuka, kanitambua. Ananipungia mkono.