Risiti Niliyoikataa

Murukulazo, Ngara
9 Juni 2004, mwaka wa thelathini na mbili tangu nivuke mto Ruvubu

Mpendwa mpwa wangu Niyomugabo,

Marahaba, shikamoo yako ya barua imenifikia. Kifua kimepona? Huko Kasulu mmevuna maharage? Sisi tu wazima, ila magoti yangu hayapendi asubuhi.

Binti yangu Bonifasia alinunua cherehani mpya dukani kwa Audax, Nyamiaga. Siku ya tatu ikaanza kuruka mishono. Tulipofungua kichwa chake tukakuta ufa uliochomelewa na kupakwa rangi. Ana sare arobaini za shule za kukabidhi. Akichelewa atanyang'anywa kazi, na hana nyingine.

Tulipoirudisha dukani, Audax akasema, "Mzee wangu, mashine nzima. Mbovu ni mkono."

Bonifasia akamjibu, "Mkono huu ndio ulioshona hilo koti ulilovaa."

Kosa ni langu. Audax alitaka kutuandikia risiti, nikakataa jina letu kuandikwa. Sababu unaijua: shuleni nilikofundisha kule nyumbani Burundi, walioandikwa waliitwa, hawakurudi. Tukafunga biashara kwa desturi yetu, mtungi wa pombe ya ndizi na shahidi wa kunywa nasi. Leo shahidi huyo, Gidioni, anaikumbuka pombe, cherehani haikumbuki. Nahisi Audax amemnywesha tena.

Bernadetha, msaidizi wa sheria wa parokia, anatusaidia bure. Sikumwamini. Kwanza niliulizia kama ana undugu na Audax. Hana. Anasema ufa wenyewe ni ushahidi, na majirani waliiona cherehani ikitolewa kwenye boksi. Lakini baraza la kata halisikilizi mlalamikaji asiye na jina.

Tena akanieleza kwa nini kila wiki Audax anatuambia tuje wiki ijayo. Amesikia wakimbizi tunaandikishwa kurudi Burundi. "Anangoja malori, mzee. Mkipanda, kesi imekufa."

Basi jana nilijaza fomu ya baraza aliyoniletea: jina langu, la baba, kijiji. Niliisoma mara tatu, mbele na nyuma, isije ikawa orodha ya wanaorudi. Baraza linakaa Jumanne.

Nisalimie dada yangu, mama yako, na dada yako Nice na wanawe. Mungu awafunike.

Uliniuliza kama nitajiandikisha twende pamoja. Fomu ya Bernadetha nayo iliuliza nitakuwepo hapa mpaka lini. Nimewajibu nyote kwa mkono wangu: sitarudi.

Mjomba wako akupendaye,
Nzeyimana