Aliyekata Ncha za Mbaazi

Mpendwa Kendi,

Kwa heshima kubwa natangaza kwamba kuku mwekundu amehamia jikoni, na nyanya yako ameshindwa kumtoa. Sisi wengine tuko salama.

Umeniandikia, profesa wangu, kwamba ncha ya mmea hutuma ujumbe chini, kuziambia seli changa za machipukizi ya pembeni zitulie, na ncha ikikatwa zinaamka na kuwa matawi. Ukauliza mimi niliyajuaje hayo kule Burat wakati wa vita vya Shifta, wale waasi wa kaskazini, hata nikawafundisha majirani kukata ncha za mbaazi.

Kendi, sikujua chochote. Mbuzi wa Mama Guyo, jirani yetu Mborana, waliingia shambani wakala ncha zote. Alipokuja kuwatoa nikampigia kelele, "Shifta wewe!"

"Mimi, jirani?" akauliza. "Si mbuzi ndio wamekosa? Nitakuletea maziwa."

Lakini askari waliokuwa wakipita barabarani walikuwa wameshasikia. Siku hizo neno hilo lilitosha. Walichukua mbuzi wake wote, nami nikasimama pale, nisiseme kwamba ni hasira tu.

Mvua ikanyesha. Mbaazi zikatoa matawi kila upande, zikazaa kuliko za mtu yeyote. Watu wakaja kuuliza siri, nikawaambia nilizikata ncha kwa kisu changu. Mama Guyo alikuwa nyuma yao na bakuli, amekuja kuomba mbaazi za watoto. Alisikia yote, akasogea mbele. Nilimjazia bakuli nikiangalia chini.

Ni mimi,
Babu yako