Bahari Yetu ya Pipa

Baba, kamwene.

Najua hutaitika. Lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba mtu hasemi shida yake kabla ya kusalimu, hata kama amebeba habari mbaya. Mimi nimeibeba tangu siku ile ya hospitali, na sijapata wa kunitua.

Niko chumbani kwangu hapa Mbeya, mvua inanyesha. Mezani kuna kigingi kimoja kati ya vile arobaini tulivyochonga mimi na wewe. Kimerudi kutoka pwani kwa basi, kimefungwa kwa kipande cha kanga. Namba uliyoichonga kwa patasi bado inasomeka pale kichwani: kumi na saba. Chini ya hapo, Baba, heri usione.

Unakumbuka ilivyoanza. Nilirudi likizo nikakwambia chuo kimenichagua kwenye kituo atamizi cha ubunifu wa uchumi wa buluu. Ukaweka randa chini. "Atamizi? Yaani wanakuatamia? Basi wewe yai." Ukacheka mpaka ukakohoa. Nikakueleza, kwa ule ujuaji wangu, kwamba kule pwani akina mama wanalima mwani, wanaufunga kwenye kamba zinazoshikwa na vigingi, na vigingi vyenyewe hukatwa kwenye mikoko. Mikoko ikiisha, samaki hawana pa kuzaliana. Chuo kinataka vijana tubuni biashara za bahari zisizoiumiza bahari. Na sisi Mafinga mabaki ya paini yanachomwa moto kila siku nyuma ya viwanda vya mbao. Tuyafanye vigingi, nikasema, na tusiyatie dawa, maana mwani unaliwa.

Ulitoa penseli sikioni, ukaitazama, ukairudisha. Halafu ukauliza, "Na mdudu?"

Nikakujibu kama msomi. "Baba, yale ni maji ya chumvi. Mdudu gani ataishi humo?"

"Paini bila dawa ni ugali, mwanangu. Kila mwenye meno atakuja."

Nikacheka. Ukaniachia, kwa sababu ulinipenda, na kwa sababu kati yetu hakuna aliyewahi kuiona bahari. Ningekuwa na adabu ya kukusikiliza siku ile, leo nisingekuwa naandika barua hii.

Badala yake tukatengeneza bahari yetu. Lile pipa la plastiki la Mama, la buluu, ukalisogeza ukutani mwa karakana. "Uchumi wa buluu ndio huu," ukasema. Tukajaza maji, tukamimina chumvi kwa kipimo alichonipa mwalimu, tukatumbukiza vigingi vitatu. Kila asubuhi ulikoroga kwa mpini wa jembe, ukachovya kidole na kuonja. Majirani walikuja kuonja pia, wakatema, wakaondoka wakisema wameionja bahari. Mwezi wa saba umande uliganda kwenye majani, maji ya kuku yakaganda, bahari yetu haikuganda. Ulifurahi siku ile utadhani wewe ndiye uliyeiumba.

Tulipovitoa vigingi vilikuwa vigumu, havina hata tundu. Ulivigonga kimoja kimoja kwa nyundo, ukasikiliza. Ukaniambia, "Haya, mwalimu wangu, umenishinda."

Sikukushinda, Baba. Chumvi tuliweka, mdudu hatukumweka.

Chuo kilitupeleka pwani kwa gari kwenda kuvisimika. Wewe kifua kilikuwa kimeanza kukubana, nikakuahidi ukipona tutakwenda wote. Kule tulimkuta Bi Zuhura, mama mtu mzima anayelima mwani tangu hajaolewa. Alikichukua kigingi chako, akakigeuza, akakibonyeza kwa ukucha. Alifungua mdomo kusema kitu. Mpiga picha wetu akamwambia, "Mama, tabasamu kidogo." Akatabasamu. Tukapiga picha, tukasimika, tukaondoka. Arobaini kasoro vile vitatu vya pipa. Hakuna aliyerudi kumuuliza alitaka kusema nini, hata mimi mwanao niliyekwisha kuulizwa juu ya mdudu nyumbani.

Simu yake ilinikuta nje ya wodi yako. "Mwanangu, miti yenu imeliwa yote. Huku kuna mdudu wa majini, anaingia mdogo kama sindano, akishakuwa ndani anaula mti mpaka unabaki ganda. Ukiushika unavunjika kama biskuti. Kwani hamkutuuliza?"

Nikakata simu, nikafuta uso kwa kanga ya Mama, nikaingia.

Ulikuwa umeegemea mto. Ukaniuliza, "Mbao zetu zimesimama?"

Nikasema, "Zimesimama, Baba."

Ukasema, "Basi mdudu hakuzipenda." Ukanishika mkono kwa ile mikono yako yenye makovu ya msumeno. Siku ya tatu ukaondoka. Neno langu la mwisho kwako lenye maana lilikuwa uongo, na wewe ulilipokea kama zawadi.

Kama yangeishia hapo ningevumilia. Lakini kwenye mazishi Baba Mdogo alisoma wasifu wako, na mwishoni akasema, "Mbao za mikono yake leo zimesimama baharini." Watu wote wakaguna kwa heshima. Mafundi wenzako wa Mafinga, watu wanaoijua paini kuliko wanavyozijua nyumba zao, walinitazama kama mtoto aliyemfikisha baba yake mbali. Nilikuwa nimesimama karibu na jeneza. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni uchungu tu.

Ngoja nikupe habari za nyumbani. Karakana imefungwa. Randa imeota kutu, mimi sijaweza kuishika. Mama alilimwaga pipa ili alitumie kukingia maji ya mvua, na pale alipomwaga, kando ya uzio, mpaka leo hapaoti kitu. Amepanda figiri mara mbili, zimekauka. Ananiuliza kwa nini. Namwambia ni chumvi, Mama. Nikimwambia hivyo naona aibu, maana ndiyo kweli pekee niliyompa.

Ambakisye, mwenzangu wa kikundi, ameacha chuo, yuko Makongolosi anatafuta dhahabu. Aliniambia, "Dada, sisi tulikuwa mayai viza, tuliatamiwa bure." Walimu wetu si watu wabaya, Baba. Walitaka kweli tufanye kitu. Ila walitufundisha kuandika wazo, kulipamba na kulisimamia jukwaani, na hakuna siku tuliyofundishwa kunyamaza mbele ya mwenye bahari yake. Sasa vigingi vyetu vimekuwa takataka kwenye shamba la watu, na nimesikia Bi Zuhura na wenzake wamerudi kukata mikoko. Watafanyaje?

Ijumaa kuna maonyesho ya chuo. Bango limeshatundikwa getini. Wewe upo pichani, umesimama kando ya pipa na kidole chako mdomoni, unaionja bahari, unacheka. Chini yake wameandika jina la mradi wetu, na kwamba ni mfano wa kuigwa. Mratibu anataka nizungumze. Nilimweleza yote. Akainama kidogo, akasema, "Wewe zungumzia safari yenu. Matokeo tuyaache kwanza." Getini napita upande wa pili ili nisikutazame.

Nimekuwa nikijidanganya kwamba nanyamaza kwa ajili yako, jina lako lisichafuke. Kisha juzi kigingi hiki kikaja. Bi Zuhura amekituma bila neno. Nimekishika mkononi, ni chepesi kama gunzi. Nikaelewa kwamba anayelindwa na uongo huu ni mimi. Wewe ulijua. Wewe peke yako ndani ya mradi mzima uliuliza, na nimekuzika na sifa ya kosa langu, nikakunyima sifa ya swali lako.

Sina matumaini ya kukupa, Baba. Sijui kama nitaendelea na chuo. Sijui Mama ataniona vipi. Kule pwani mti bado unaliwa au unakatwa, na sina wazo jingine.

Lakini Ijumaa nitapanda jukwaani na kigingi namba kumi na saba, nitakivunja mbele yao kwa mkono mmoja, waone. Nitawaambia fundi wa Mafinga aliuliza neno moja, na mama wa pwani alitaka kusema neno moja, na wote tuliwapita. Jumamosi nitakuja nyumbani. Nitamwambia Mama, halafu Baba Mdogo, halafu mafundi. Kipande kitakachobaki nitakichomeka kwenye udongo wako, upande wa kichwani.

Pumzika, Baba. Na nikifika hapo niulize tena kama zimesimama. Nitakujibu safari hii.

Hapana, Baba. Zililiwa zote.

Mwanao,
Upendo