Neno Nililolimeza Kiriba

Bamdogo,

Barua hii nimeianza mara mbili. Ya kwanza niliiandika kwa Kiingereza, kama tunavyofundishwa darasani, anwani juu upande wa kulia, tarehe chini yake, halafu "Dear Uncle". Nikakwama hapo hapo. Wewe hukuwaga uncle. Uncle ni mtu wa kwenye kitabu cha mazoezi, ana bustani na mbwa. Nikaichana. Sasa naandika kwa lugha uliyokuwa unanisemesha nayo, na anwani ya kuweka juu sina.

Ni mwaka na miezi miwili tangu uondoke. Niko kidato cha tatu. Chumba chako pale Musoma amepanga muuza mitumba, marobota yamejaa mpaka dirishani. Mimi nakaa kwa mama mmoja wa kanisani, mtaa wa pili. Ni mwema. Haniulizi kitu na mimi simwambii kitu, kwa hiyo siku inaweza kuisha nikiwa nimesema shikamoo na asante basi. Wewe ndiye uliyeniita Bubu, na wewe ndiye mtu pekee niliyekuwa naongea naye mpaka unaniomba ninyamaze usikilize wimbo.

Bamdogo, nina jambo la kukiri. Nalizungukazunguka kwa sababu naogopa. Ngoja kwanza nikukumbushe ulikotoka, maana nisipoandika nitasahau, na hakuna mwingine anayekumbuka.

Ulianza ukiwa fundi redio pale karibu na soko, miaka ile ya shida, sabuni kwa foleni na betri hazionekani kabisa. Ulikuwa unaanika betri zilizokwisha juu ya bati, jua lizipe nguvu kidogo, halafu unakimbia nazo harusini Nyegina zikiwa bado za moto. Zilikuwa zinapiga nyimbo nne, tano, zinakata. Watu wanacheka, wanaendelea kuimba wenyewe. Uliniambia hapo ndipo ulipojifunza kazi. Mwenye nyimbo tano tu anajua ipi ya kuanza nayo.

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa. Maduka yakajaa, vitu vikapita mpakani Sirari mchana kweupe. Wewe ukafanya lile jambo ambalo ukoo unalisimulia mpaka leo. Ng'ombe wanane wa mahari ya Shangazi, ambao kwa mila walikuwa wa kukuolea wewe, ukawauza mnadani. Ukaenda Kenya, ukarudi na amplifaya, spika mbili, deki mbili za kaseti na ile miksa ya kuunganisha wimbo na wimbo. Baba Mkubwa alikuja kutoka Kiriba kuviona. Akavizunguka kama anavyozunguka ng'ombe wa kununua, akasema, "Kwa hiyo mdogo wangu umeoa redio." Ukamjibu kwamba angalau huyu hatarudi kwao. Alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda.

Bunda nitaikumbuka mpaka kufa. Disko toto la siku baada ya Krismasi, saa tisa alasiri, ukumbi umejaa watoto wenye viatu vipya na wazee waliowasindikiza. Ukaweka ile kaseti ya muziki wa mashine uliyoletewa kutoka Nairobi, ngoma tu na kinanda, hakuna anayeimba. Ikaenda, ikaenda, ile ile. Wakaanza kukuita, "Furu, tepu imekwama." Jina hilo la samaki mdogo walishakupa kwa ajili ya kimo chako, na ulilipenda, ukaliandika hadi kwenye spika. Mzee mmoja akaja mpaka mezani na njiti ya kiberiti, kwa nia njema kabisa, akusaidie kuikwamua. Ukashika kipaza sauti ukasema, "Haijakwama wazee wangu. Ndiyo kwanza imeanza."

Watoto ndio waliokuelewa. Pasaka tuliporudi Bunda, watu wazima wenyewe walikuwa wanakuomba uweke ile iliyokwama.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yako siku zote hizo, nikitazama mikono yako. Nilikuwa nawaza kwamba ningeweza. Sikuwahi kukuambia. Niliona hapa ndipo mahali pa mtu kama mimi, unawasemesha watu mia tatu bila kufungua mdomo.

Sasa ile ya hospitali. Ulikuwa umebaki macho tu. Shangazi alikuwa ametoka kuchota maji. Ukaniambia, "Nyangeta, vile vyombo ni mwili mmoja. Wakivigawa wamevichinja. Waambie wabaki navyo pamoja, na ujifunze wewe. Waambie wewe, mimi sitakuwepo." Nikasema ndiyo Bamdogo. Nilisema kwa sauti kabisa, ulinisikia.

Tukakuzika Kiriba, pembeni ya Babu. Siku ya kuondoa matanga wanaume walikaa, Shangazi akaitwa na yeye kwa sababu ya ng'ombe wake, na mimi nikawekwa kwa sababu nilikuwa nakaa kwako. Unajua desturi yetu. Baba Mkubwa anauliza mara tatu, "Nani ana neno la marehemu?" Likishapita swali la tatu, neno ambalo halikusemwa linahesabiwa limezikwa na mwenyewe. Aliuliza la kwanza, nikaona vidole vyangu vya miguu. Aliuliza la pili, nikahesabu mistari ya mkeka. La tatu nilifungua mdomo, Bamdogo. Naapa nilifungua. Nikameza mate. Akasema, "Haya, tugawe."

Wakagawa kama wanavyogawa ng'ombe, kwa haki kabisa, hakuna aliyedhulumiwa. Spika mbili kwa Baba Mkubwa kwa kuwa ni mkubwa. Amplifaya kwa Shangazi, mahari yake. Deki na miksa kwa Kaka Sospeter, mtoto wa Baba Mkubwa, maana ana duka Bunda na anajua mambo ya umeme. Mimi nikapewa begi la kaseti kwa kuwa ni mwanafunzi. Kila mmoja alishukuru. Hakuna aliyejua kwamba alichobeba hakiwezi kutoa sauti bila cha mwenzake. Mimi nilijua. Nikawafungulia mlango wapite.

Mwaka mzima nimekuwa namtembelea mmoja mmoja siku za likizo, najifanya nimekuja kusalimia. Kwa Baba Mkubwa spika zimelazwa sebuleni, juu yake kuna kitambaa cha kufuma na taa ya chemli, wageni wanawekewa chai hapo. Bunda, Kaka Sospeter aliniambia bila hata kuona vibaya kwamba miksa aliiuza kwa mtu wa Kisorya, na deki moja ameing'oa mota. Ile nyingine ameichomeka kwenye redio yake ya dukani, inapiga kwaya. Nilimwambia duka ni zuri.

Butiama ndiko nilikovunjika. Nyumba ya Shangazi haina umeme, unajua. Amplifaya ameifunga kwenye kitenge kipya, ameiweka uvunguni kwenye sanduku. Kila Jumamosi anaitoa, anaifuta vumbi, anairudisha. Alinionyesha kama anayeonyesha mtoto aliyelala. Hapo ndipo nikamwambia. Sijui nini kilinishika. Nilimwambia yote, hospitali, ndiyo niliyoisema, mara tatu nilizonyamaza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia, "Kumbe unaongeaga. Siku ile huu mdomo ulikuwa umeuacha wapi?"

Nikamsaidia kufunga kitenge. 

Hakunipiga wala hakunifukuza. Alinipakulia ugali na sato, akakaa akinitazama nikila. Akasema hawezi kunisaidia akiwa Butiama. Neno lililomezwa Kiriba litatapikwa Kiriba.

Kwa hiyo siku ya kumbukumbu ya mwaka, baada ya ibada na baada ya kukusimamishia msalaba wa saruji, watu walipokaa kula, nilisimama.  Nikasema nina neno la marehemu. Baba Mkubwa akaweka tonge chini. Akasema, siyo kwa ukali, kwamba neno la marehemu lilikuwa na siku yake na lilishazikwa. Nikasema, "Baba Mkubwa, hilo halikuzikwa. Nililimeza mimi."   Nikawaeleza ulivyoniagiza. Sauti ilikuwa ndogo, waliokuwa nyuma waliulizana anasemaje, ikabidi nirudie. Nilirudia Bamdogo. Mara mbili.

Shangazi akasimama akasema ng'ombe walitoka kwake, na yeye amplifaya anaitoa. Kaka Sospeter alikuna kichwa, akasema deki moja nzima ipo, nikaichukue.  Baba Mkubwa alinawa mikono, akaingia ndani kwenye spika zake, akafunga mlango. Wazee wengine walinong'ona kwamba huyu binti anafukua makaburi. Sikulia pale. Nililia kwenye gari, mpaka Musoma.

Nilijua kwamba angekataa. Zile spika zina jina lako kwa mkono wako. Nadhani anapoweka chai juu yake anakaa na mdogo wake. Naelewa. Ila ni kweli pia kwamba nisingenyamaza siku ile, zisingefika sebuleni kwake, na miksa isingefika Kisorya, na hilo ni langu, sitamsukumia mtu mwingine.

Jumapili iliyopita, mama wa kanisani akiwa kwenye jumuiya, niliunganisha amplifaya na deki walizonipa, peke yangu. Kwenye mfuko wa pembeni wa begi la kaseti nilikuta zile hedifoni zako. Nikazivaa. Nikaweka ile ya Bunda. Ilipiga yote, kwa nguvu, ngoma yote masikioni mwangu, na chumba kizima kilikuwa kimya. Nikavua upande mmoja, nikasikia kuku wanaparura nje. Nikaurudisha. Nilikaa hivyo mpaka upande wa kwanza ukaisha, nikiwa dijei na ukumbi mzima ni mimi. Ni upweke wa ajabu, kusikia muziki wako na kujua ukiinua macho hakuna hata mmoja anayeweza kulalamika kwamba umekwama.

Bamdogo, lala. Sikuombi uniombee kwa Baba Mkubwa, kazi hiyo uliniachia mimi. Jumamosi nakwenda Kiriba. Nilikuwa nimepanga kumpelekea barua, ila sitapeleka. Nitakaa hapo sebuleni, nitakunywa chai yake juu ya spika, na nitalisema neno lako. Akinyamaza nitarudi Jumamosi inayofuata nilirudie, na nyingine. Miksa najua siipati tena. Nitajifunza bila miksa.

Nakuahidi sauti yangu. Ni ndogo, lakini sitaimeza tena.

Mwanao,
Nyangeta