Zamu Yangu na Kiti cha Mbele

Ijumaa, 11 Julai
Nimefua. Nimepiga pasi gauni la kijani. Mihogo ya njiani iko jikoni. Kesho harusi ya binti wa wifi, huko Kisarawe ndani. Zamu yangu imeanza leo, kwa hiyo safari ni yangu na Baba Saidi, basi. Ameahidi tutapita hifadhi ya wanyama iliyo njiani, kwenye chumba chao cha maonyesho. Tangu aoe mke wa pili kule Masaki hatujatoka pamoja. Nina furaha ya kitoto.

Jumamosi, 12 Julai
Hasira tupu. Tumefika Masaki, gari likasimama. Mke mwenzangu Zuhura huyo, kajipulizia manukato, anapanda. Siku ya zamu yangu! Baba Saidi bila haya: "Mama Saidi, hebu hamia nyuma. Mwenzio akikaa nyuma anatapika." Nikahamia. Mjinga mimi.

Hifadhini, kijana anayetembeza wageni akamwambia Baba Saidi, "Karibu mzee, wewe na mkeo." Kisha kwangu: "Shikamoo, mama mkwe." Baba Saidi kacheka! Nilitamani simba aliyekaushwa mle chumbani afufuke. Fuvu la kiboko, ngozi ya chatu, sikuona kitu. Niliona mkono wake begani kwa Zuhura. Wivu huo!

Tulipofika kwa chui, naye kakaushwa, Baba Saidi kabaki nyuma na simu yake. Zuhura akaninong'oneza: "Dada, Mungu akulipe. Baba Saidi kaniambia umechoka, umeniachia zamu yako mwenyewe." Ati nini? Mimi hata nilipougua malaria zamu sikuitoa. Nikamwambia hivyohivyo. Uso ukamshuka. Hakujua, masikini.

Kurudi garini, akaupita mlango wa mbele. Akafungua wa nyuma, akakaa nami. Baba Saidi akangoja. Hakuna aliyehama. Katuendesha mpaka harusini kama dereva wa kukodi.

Zuhura hakutapika hata kidogo.

Jumatatu, 14 Julai
Baba Saidi mpole. Katengeneza bomba linalovuja tangu Ramadhani.

Zuhura katuma picha: yeye, mimi, simba katikati. Shingo ya Zuhura nzuri. Nimeitazama sana. Wivu bado ninao, nisijidanganye.

Kesho zamu yake inaanza. Nimemtumia ujumbe mimi mwenyewe kwamba zamu ni yake, asije akaambiwa vingine.