Mapacha Hawapewi Kimoja

Ijumaa, mwezi wa kumi. Jua kali tangu asubuhi, vumbi hadi kwenye meno, na mvua hata dalili hakuna. Nimerudi na hasira ambayo sijui nimpe nani, basi nakupa wewe, shajara.

Wiki nzima nimefundisha jambo moja tu: sentensi za Kiingereza zisizokamilika. Darasa la Saba mtihani wao umekaribia, na huko ndiko wanakoangukia. Nimewaambia sentensi nusu ni kama mgeni aliyepiga hodi halafu akanyamaza. Muulize: nani wewe? Umefanya nini? Asipojibu yote mawili, bado hajafika. Naandika ubaoni "When the rain comes", mvua ikija, halafu nawageukia. Ikija, kisha nini? Wanacheka, wananimalizia.

Jumatatu Doto alisimama akazimaliza zote ubaoni peke yake, wala hakugeuka kuniangalia kama amepatia. Nilikaribia kulia. Mimi, mtoto wa mjini, wa Kanyenye, niliyeletwa huku kijijini nikinung'unika tangu siku ya kwanza, nilimwona mtoto atakayekwenda sekondari.

Kijiji hiki hakijatoa hata mmoja.

Doto ana pacha wake, Kulwa. Kulwa ndiye mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Degedege la utotoni lilimwacha mzito wa kushika masomo. Ana moyo mzuri na mikono ya kazi, lakini kwenye Kiingereza huanza vizuri kisha akapotea njiani. Wanakaa dawati moja.

Leo nimewapa jaribio. Kulwa ameacha nyingi nusu, hilo nililitegemea. Lakini kila sentensi aliyoshindwa Kulwa, Doto naye hakuigusa. Zilezile alizozimaliza ubaoni Jumatatu! Nikamwita, nikamfokea mbele ya wenzake. Akatazama miguu yake.

Baada ya kazi za shamba la shule nikaenda kwao. Nyumba iko upande wa ile njia ya zamani ya wapagazi, na tangu lori liwashushe hapa wakati wa kuhamia vijijini, bado haijapata paa la maana. Nikamwamkia mama yao shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda, akaendelea kutwanga. Nikaeleza yote. Hakushangaa hata kidogo. Alisema tangu wazaliwe hajawahi kumpa mmoja akamnyima mwenzake. Kanga huikata katikati. Yai likiwa moja, linangoja mpaka kuku atage jingine. Ukimpendelea mmoja mwingine huugua, na Kulwa alishaugua, nusura wamzike.

Nikamwambia sekondari haichagui kwa kufuata tumbo la mama. Ulimi wangu huu, Mungu anisamehe.

Mama akaacha mchi.

"Mwalimu, mapacha hawapewi kimoja. Kama hamna nafasi mbili, acheni."

Labda ningekuwa mimi niliyekesha na degedege lile, ningesema hivyohivyo. Lakini si mimi, na niliaga kwa hasira.

Kulwa akanisindikiza. Tulitembea mpaka kwenye bani la kukaushia tumbaku. Hapo akasimama, akasema kwa sauti ya chini, bila kunikwepa macho:

"Mwalimu, Jumatatu mimi siji tena. Nikiwa sipo, Doto hatakuwa na mtu wa kumsubiri."

Huyo ndiye ninayemwita mzito.

Nilipaswa kukataa. Mwalimu gani anamwachia mtoto aache shule, tena mtihani uko mlangoni? Badala yake nilimshika bega nikamwambia asante. Asante! Neno lilinitoka kabla sijalifikiri. Akaitikia kwa kichwa kama mtu mzima aliyekubaliana bei, akageuka, akarudi kwao.

Nimeswali, nimepika chai, imepoa kibarazani. Na hapa ndipo limenijia lile ambalo mama yao alikuwa ananiambia muda wote, nami nikawa nasikiliza hasira zangu tu. Doto hajawahi kupokea kitu ambacho Kulwa hakupewa. Hata kwenye jaribio hakukubali. Sasa Kulwa akikosa shule, Doto ataipokea?

Nimeona aibu. Nilidhani nimeokoa mmoja. Naweza kurudi kesho nikamwambie Kulwa asahau, aje, tuendelee na sentensi zetu nusunusu hadi siku ya mtihani, wakaanguke wote wawili. Naweza kunyamaza. Sioni njia ya tatu, na nimekaa hapa tangu jua lilipoanza kushuka.

Jumatatu nitaita majina. Wale wawili huwaita kama walivyozaliwa, Kulwa kisha Doto. Kwa Kulwa nimeshajiandaa kusikia kimya. Jina linalofuata ndilo ninaloliogopa.