Vichupa Vitatu vya Simfukwe

Mdogo wangu Lameck,

Nimekuficha jambo tangu siku ile ya maabara, na sasa kifua changu kinanikimbiza. Naandika kidogo, napumzika, naogopa kalamu itaniponyoka kabla sijalifikia. Kutoka hapa Tunduma hadi kwako Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mtu huenda kununua sukari akarudi chai haijapoa. Wewe ulivuka kumzika Baba, ukaondoka kabla ya matanga kuanuliwa ili wazee wasikupe jina lake.

Unakumbuka ulipomleta Baba kwangu chuoni kutibiwa macho? Maabara niliyoisimamia ilikuwa ya idara zote, maana mashine ya kunakili vinasaba ilikuwa moja. Damu ya ng'ombe wa Momba ilikaa friza moja na majani ya mihogo ya watu wa kilimo, na kila mtafiti alilinda zamu yake kama foleni ya bombani. Wiki ile wanafunzi walijifunza kuitambua alama ambayo baba humpa mtoto wa kiume, naye humpa wake, bila kubadilika. Walihitaji baba na wanawe. Nikajitapa kwamba ninao nyumbani.

Baba aliachama, akasuguliwa shavu kwa pamba, akacheka. "Mimi sikumaliza darasa la nne, leo mate yangu yanasoma chuo kikuu!"

"Yasije yakafeli tu, Baba," ukamwambia.

Tulipewa vichupa na kalamu, tukaambiwa tuandike majina. Sote watatu tukaandika Simfukwe. Binti mmoja mwanafunzi akavikusanya, akavichomeka kwenye kishikizo, kisha akashtuka.

"Sasa Simfukwe yupi ni yupi?"

"Kwetu ukiita Simfukwe, nusu ya kijiji inageuka," Baba akamjibu. "Nusu nyingine ni dada zao, hao uwaite Namfukwe."

Tulicheka mpaka ukashika meza. Nami, msimamizi, sikusema turudie.

Kesho yake alama zilipoonekana chini ya taa, mbili zilifanana, moja ilikuwa peke yake. Nikasema haraka, "Huu ni uchafu. Maabara ya watu wengi, mikono mingi." Baba akaniamini, akaulizia chai. Wewe uliziinamia tena zile alama. Nilijua mawazo yamekurudisha utotoni: kisimani kule Msangano, wenzetu wakikuzomea "mtoto wa likizo", kwa kuwa Mama alikupata Baba akiwa migodini Zambia, akija nyumbani mara moja moja.

Kwenye korido ukanishika mkono. "Kaka, ni mimi, sivyo?"

"Acha upuuzi, Lameck."

Ona, sikusema hapana. Sikuwa nimejua bado. Lakini baada ya ninyi kuondoka nilichukua zamu ya mtu aliyesafiri, nikasugua shavu langu mwenyewe, nikaipanga sampuli yangu kando ya zile tatu. Tangu hapo nimejua, nikakuacha uondoke kwenye shamba la Baba ukidhani unamwibia mtu.

Sasa wazee wanataka mtu wa kurithi jina kabla sijafa, wasije wakazika wawili bila mrithi. Wananitazama mimi, mkubwa. Wananiambia nitalazwa kando ya Baba, nami usingizi unakataa. Wakikuita wewe unajibu, "Mpeni Kaka, yeye ndiye mwenyewe." Kila wakiniletea jibu lako, nageukia ukutani. Naogopa utalisikia jambo hili kwenye kilio changu, kwa mdomo wa mtu mwingine, na nisiwepo kuulizwa.

Rudi, Lameck. Kaa kwenye kiti cha Baba, uitike wakiita Simfukwe. Nilazwe upande wa Mama. Hapo nina haki. Usimlaumu, wala mimi sikumwuliza. Kwaheri, mdogo wangu, na ukifika usisite mlangoni.

Kichupa kilichokuwa peke yake kilikuwa changu.

Kaka yako,
mtoto wa mama yako